Meza ya Kumuaga Mama

Tulipoachana wiki iliyopita, mlango wa ukumbi ulikuwa umefunguka na marehemu alikuwa ameingia kwa miguu yake mwenyewe.

Wengi mmeniuliza kama nilipiga kelele. Sikupiga. Nilikuwa na pini mdomoni.

Kwa wewe uliyelikosa gazeti lile: mimi ni mpambaji wa meza za sherehe. Harusi, mahafali, kuzaliwa, kustaafu. Watu wanafurahi, mimi natandika. Tangu mume wangu afariki natandika tu, furaha nawaachia wenyewe. Yeye ndiye aliyekuwa akifunga taa juu ya meza zangu. Siku hizi naweka mishumaa, kwa sababu ile ngazi yake siipandi na wala sitaki kuitazama.

Mapema wiki ile shemeji yangu mkubwa, kaka wa marehemu mume wangu, alinipigia simu. Kwenye familia wanamwita Mwenyekiti, maana hata wakiwa wawili chumbani lazima aendeshe kikao.

"Shemeji, Jumamosi tunamuaga mama," alisema. "Utandike meza kuu. Nyeupe tupu, kitu cha heshima. Picha yake iwe mbele."

"Sawa."

"Maua nayo meupe. Mama anapenda meupe."

"Sawa."

Basi. Nikakata simu, nikafungua kabati la vitambaa.

Neno kuaga lina milango miwili. Anaagwa mstaafu, kwa keki na hotuba ndefu. Maiti pia anaagwa. Mwaka ule mimi nilikuwa nimeambiwa neno hilo mara moja tu, na nesi, kwenye korido: "Dada, njoo umuage mumeo." Sasa niambieni, ni mlango upi ungefunguka kichwani mwangu?

Hata lile "anapenda" halikunishtua. Mimi mwenyewe bado nasema mume wangu anapenda chai ya moto.

Sikumuuliza mtu mama mkwe amekufa na nini. Simu niliizima. Sikulia pia, na msinihukumu haraka, mama yule nilimpenda. Lakini ukiulalia mkono ukafa ganzi, hata ukiuchoma sindano hausikii. Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima.

Turudi mlangoni.

Mama mkwe alikuwa amevaa gauni la bluu, mkoba kwapani, na viatu vipya vilivyombana kisigino. Nyuma yake alikuwepo wifi yangu, dada wa mume wangu. Huyo tunamwita Redio, na tangu utotoni mwake hakuna aliyewahi kukiona kitufe cha kumzima. Nyuma kabisa Mwenyekiti, suti imekaza tumboni, anatabasamu kama mtu anayekata utepe.

Mbele yao, meza yangu.

Kitambaa cheupe mpaka sakafuni. Mishumaa inawaka. Vitambaa vya kufutia mikono nimevilaza, sikuvikunja kama feni. Maua marefu: kwenye sherehe naweka mafupi ili watu waonane nyuso, kwenye msiba marefu ili kila mtu apate pa kujificha. Kiti cha katikati nimekigeuza mgongo. Na picha ya mama mkwe, utepe mweusi umekatiza kwenye kona.

"Uwiii!" Redio alikuwa wa kwanza. "Wifi! Umemuua mama!"

"Shikamoo, mama," nikasema. Nilikuwa nimeshatoa pini mdomoni, na sikuwa na kitu kingine cha kusema.

"Marahaba, mwanangu." Mama alisogea mpaka kwenye picha, akaitazama. "Nimekufa lini?"

"Sijui, mama. Sikuuliza."

"Na kilichoniua?"

"Sikuuliza pia."

"Ulilia lakini."

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Nilipiga pasi, mama."

Akashika pindo la kitambaa, akalipitisha katikati ya vidole. Maisha yake yote alikuwa fundi cherehani. Vitambaa vyangu vya kwanza vya biashara alivishona yeye, kwenye kibaraza cha nyumba yake, huku akinisuta kwamba napima kwa macho kama muuza viazi.

"Umeipiga vizuri," akasema. "Mkunjo hauonekani. Ila picha hii siitaki. Hapo jino lilikuwa linaniuma. Ningekufa kweli, ningerudi niibadilishe."

"Mama, usiongee hivyo!" Redio akaanza kulia, machozi ya karibu, ya wakati wowote.

Mwenyekiti alikuja kwangu mbio. Tabasamu lilikuwa limebaki huko mlangoni.

"Shemeji, hii ni nini? Una kichaa?"

"Uliniambia tunamuaga mama."

"Ndiyo tunamuaga! Kumuaga, si kumzika! Kwani huyu anayekuja kukaa kwangu ni..."

Alijing'ata ulimi. Alichelewa.

Mama mkwe aliliacha pindo la kitambaa likaanguka.

"Mnaniaga?"

"Mama, ni namna tu ya kusema..."

"Mimi nimeambiwa ni chakula cha kunishukuru. Nimenunua na viatu. Anayeagwa ni anayeondoka. Haya, naenda wapi?"

Mwenyekiti akamtazama Redio. Redio akatazama dari. Kwa mara ya kwanza katika historia ya familia ile, masafa yalikatika.

"Unakuja kwangu, mama," Mwenyekiti akasema, sauti ameipaka mafuta. "Tulitaka iwe sapraizi. Chumba tayari, televisheni ukutani. Upumzike."

"Kwa muda gani?"

"Upumzike tu, mama."

"Kupumzika nimekusikia. Nimeuliza muda."

"Moja kwa moja."

Mshumaa mmoja ulikuwa unachuruzika. Niliusogeza usiharibu kitambaa. Nilikuwa nimesikia kila neno, na kila neno lilipita kama gari linalopita barabara ya nyuma.

"Na nyumba yangu?" mama akauliza.

"Tutaiangalia sisi."

"Nyie? Redio mwanangu, wewe ua la plastiki lilikufia mkononi."

Kwa nje milango ya magari ikaanza kufungwa. Kicheko. Visigino kwenye ngazi. Wageni.

Macho ya Mwenyekiti yakageuka mekundu. "Shemeji, toa vitu hivi! Haraka! Toa utepe, zima mishumaa, weka maputo, weka chochote!"

Nilinyoosha mkono. Mimi ni mtu wa kazi, nikiambiwa nitoe natoa. Mama mkwe alinidaka kifundo cha mkono.

"Acha."

"Mama, wageni wanaingia!" Redio akalia.

"Waingie." Akakigeuza kile kiti, akaketi, akauweka mkoba mapajani. Picha yake mbele, yeye nyuma ya picha. "Asiguse mtu meza yangu. Mmeniandalia wenyewe."

Waliingia wanacheka. Kicheko kilikatwa kama uzi. Mbele kabisa alikuwa jirani yake wa ukuta mmoja, amekumbatia zawadi iliyofungwa kwa karatasi ya kung'aa. Aliiona picha, akaiona mishumaa, akamwona mwenyewe ameketi katikati. Zawadi ikaanguka. Ndani yake kitu cha udongo kikasema kwaheri.

"Mama yangu! Si nimekuona asubuhi unaanika nguo?"

"Na mimi nimekuona unachungulia. Keti, shoga. Wananiaga."

"Unaenda wapi?"

"Na mimi nasubiri kuambiwa. Mwenyekiti! Endesha kikao."

Wageni waliketi kwa makalio ya wasiwasi, nusu kiti. Mjomba, kaka yake mama mkwe, mzee wa fimbo na miwani mizito, alisogezewa kiti cha mbele. Mwenyekiti alisimama, akakohoa, akanyoosha tai. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka juu ya mdomo.

Nataka mnielewe hapa, kwa sababu ndipo mambo yote yalipogeukia. Meza ina ulimi wake. Ukiitandika kwa maputo, hata bubu atapiga kigelegele. Ukiitandika nyeupe, ukawasha mishumaa, ukaweka utepe mweusi, mtu akisimama mbele yake atasema "alikuwa" bila kupenda. Nimewaona mahakimu wakishindwa. Mwenyekiti angeponea wapi?

"Wageni waalikwa," akaanza. "Mama yetu alikuwa mtu wa..."

"Alikuwa?" mama mkwe akauliza.

"Ni. Mama yetu ni mtu wa watu. Ametulea kwa shida. Aliamka asubuhi, akakaa kwenye cherehani yake, mpaka macho yake... Na leo, tunapomuaga, sisi watoto wake tunasema hatutamsahau..."

Mtu mmoja huko nyuma akaguna. Mwingine, ambaye nadhani hakuwa amemwona mama nyuma ya maua, akajifuta machozi.

"...na tunashukuru kwa yote aliyotuachia."

"Nimewaachia nini?"

Mwenyekiti akameza mate. Alikuwa anaitazama picha, hamtazami mama. Nilimwona anateleza na sikumshika. Halikuwa jukumu langu.

"Malezi," akasema. "Upendo. Nyumba..."

Jirani ndiye aliyelidaka neno hilo, na hakulidaka kwa ubaya, maskini. Alikuwa anawaza kwa sauti.

"Kumbe ndiyo maana ya yule fundi."

"Fundi yupi?" mama mkwe akauliza.

"Nilipokuwa natoka kuja huku nimemwacha mlangoni kwako anang'oa kitasa. Nikamuuliza, kulikoni? Akasema ametumwa na mwenye nyumba. Nikajua ni wewe, labda kimeharibika."

"Mwenye nyumba ni mimi."

"Ndiyo hivyo nashangaa."

Mama mkwe akafungua mkoba. Alitoa ufunguo wake, ule wenye uzi wa cherehani uliofungwa tunduni ili asiuchanganye, akauweka katikati ya sahani niliyoisugua mwenyewe ikang'aa. Ulilia kidogo. Wote tuliusikia.

"Mwanangu," akamwambia Mwenyekiti, taratibu kabisa. "Ufunguo huu sasa hivi unafungua nini?"

Redio ndiye aliyepasuka.

"Mpangaji anaingia leo, mama! Leo hii! Mimi nilimwambia kaka tukwambie kwanza, akasema utakataa, akasema tukiwa ukumbini na watu wote hutaleta matata, utakuwa umeshavaa, umeshakula keki, tunakupakia kwenye gari moja kwa moja! Mimi nilisema, Mungu ni shahidi yangu nilisema!"

"Ulisema wapi? Ulifungasha vyombo mwenyewe mama alipokuwa saluni!" Mwenyekiti akamfokea.

"Umenituma wewe!"

"Vyombo vyangu viko wapi?" mama akauliza.

"Kwenye maboksi, mama. Nimeandika juu kila boksi, vikombe, shuka..."

"Cherehani yangu?"

Redio akaanza kupekua simu yake.

Ningependa kuwaambia kwamba hapo moyo wangu ulidunda. Nyinyi mnalipia gazeti, mna haki ya moyo kudunda. Haukudunda. Niliona tu, kama unavyoona maandishi kwenye ukuta wa duka: wanamfukuza mama kwenye nyumba yake, na meza niliyoitandika ndiyo imewafichua. Nililijua jambo hilo na sikulisikia popote mwilini.

Mwenyekiti yeye aliona kitu kingine. Aliona njia ya kutokea.

"Ndugu zangu!" akapaza sauti, akageuka mgongo kwa mama na uso kwa wageni. "Mambo ya nyumba ni ya ndani, tutayazungumza ndani. Lakini kuna jambo hapa hatuwezi kulifumbia macho. Mtazameni huyu!"

Kidole chake kilikuwa kwangu.

"Mkwe! Anamtandikia mama msiba akiwa hai! Mishumaa! Utepe mweusi! Huu ni uchuro mkubwa. Mama akianguka kesho, tutamuuliza nani?"

Minong'ono ikazunguka. Uchuro, uchuro kweli. Picha na utepe, mtu mzima anapumua. Haijawahi kutokea.

"Piga magoti," Mwenyekiti akaniambia. "Muombe mama radhi. Waombe wazee radhi. Yaishe, tule, tuondoke."

"Mimi sijamwambia aniombe radhi," mama mkwe akasema. Sauti ilizama kwenye minong'ono.

Mjomba akajikongoja mpaka kwangu. Mzee mwema, hana shida na mtu. Alinishika bega.

"Mwanangu, sikiliza. Najua umefiwa, kichwa hakijatulia. Hakuna anayekuchukia. Neno dogo tu. Sema samahani, midomo haivunjiki. Watu wapate kula."

Watu wapate kula. Hapo ndipo nilipoelewa, na nilielewa kwa baridi ileile. Nikisema samahani, kosa la siku hii litakuwa meza. Kesho yake mtaa mzima utasimuliana juu ya mpambaji aliyechanganyikiwa, na hakuna atakayesimulia kitasa. Maputo yatapanda. Keki itakatwa. Mama ataingizwa garini, wakimpungia mikono.

"Mjomba, nimekosea nini?" nikauliza.

"Si umemtandikia mtu hai..."

"Nilitandika meza ya kumuaga. Anaagwa au haagwi?"

Mzee akamtazama Mwenyekiti.

Mwenyekiti alinisogelea mpaka nikanusa dawa ya mswaki kwenye pumzi yake. Aliongea chini, lakini ukumbi ule una dari ya bati, hausitiri siri.

"Kumbuka aliyekuleta kwenye familia hii ni mdogo wangu. Na mdogo wangu hayupo. Ukitoka humu bila kuomba radhi, wewe si mtu wetu tena. Wala usije kudai undugu."

Jirani akaguna, "He! Hiyo nayo!"

Nilitafuta maumivu mahali pake, nikakuta patupu. Nilimtazama tu. Ana masikio ya mume wangu. Sikuwa nimewahi kuyaona.

Simu ya Redio ikaita.

Simu ya Redio, kama mwenyewe, ipo kwenye spika daima. Aliibonyeza kwa mazoea kabla hajafikiri.

"Halo, dada?" Sauti ya kiume, na nyundo inagonga nyuma yake. "Kitasa tayari. Mpangaji ameshafika na lori lake, anataka nafasi. Sasa hii cherehani kubwa ya zamani, vijana wanauliza waitupe wapi? Ni nzito. Tuipasue?"

Redio aliibonyeza simu popote, ikakataa kuzima.

"Halo? Dada? Tuipasue?"

"Usiiguse!" Mama mkwe alikuwa amesimama. Nilikuwa sijawahi kuisikia sauti ile. Viatu vipya alikuwa amevivua. Vilibaki chini ya meza, vimelala ubavu. "Fundi! Unanisikia? Usiiguse cherehani yangu!"

"Nani mwenzangu?"

"Mwenye nyumba!"

"Mwenye nyumba si mwanaume?" Nyundo ikagonga tena, na simu ikakatika.

Mama alinigeukia. Aliwapita wanawe wote wawili kwa macho, akaja kwangu.

"Mwanangu, gari lako la vitambaa lipo?"

"Lipo, mama."

"Linawaka?"

"Likisukumwa."

"Nitasukuma," jirani akasema, na tayari alikuwa amejifunga kitambaa kiunoni.

Tulikuwa tumeshaanza kutembea, mama peku, mimi na funguo za gari, jirani nyuma, Mwenyekiti alipotutangulia. Mwili ule sikujua unaweza mbio. Alifika mlangoni, akausukuma ukajifunga, akasimama mbele yake na mikono ameitandaza, huku na huku mpaka kwenye fremu.

"Hatoki mtu. Hatoki mtu humu mpaka huyu aombe radhi."

"Toka, mwanangu," mama akasema. "Watanivunjia."

"Sikuzuii wewe, mama. Nasema na huyu. Neno moja tu, nafungua. Neno moja! Mbona mgumu hivyo? Mnaona? Anamchelewesha mama kwa kiburi chake!"

Ukumbi mzima ulisimama. Mjomba alinitazama juu ya miwani, midomo yake inanifundisha bila sauti: sa-ma-ha-ni. Redio alikuwa anapiga namba ileile, haipokelewi. Mama alinishika mkono. Hakuniambia niseme. Hakuniambia nisiseme.

Neno moja, mlango unafunguka, tunaiwahi cherehani. Na nyumba inabaki yake Mwenyekiti, kwa ushahidi wa wageni wote waliosikia kosa lilikuwa la nani.

Nilimsogelea mpaka mfuko wa aproni yangu ukagusa kifungo cha suti yake.

"Shemeji, sikia," nikasema. "Siombi radhi. Siombi leo, siombi kwa wazee, siombi kwa magoti wala kwa miguu. Umenituma nitandike meza ya kumuaga mama, nimetandika. Ondoka hapo mlangoni."